Jina usilolijua kwenye taarifa ya benki: kufuatilia makato ya virutubisho vya mtandaoni

Nina steshenari ndogo Sakina, Arusha. Natoa kopi, nachapa barua, najaza fomu za ajira na za mikopo ya wanafunzi. Kwa miaka michache hii imezuka kazi nyingine ambayo sijaiwekea bango: watu wanaleta taarifa za benki niwachapie, kisha hawaondoki. Wanabaki kaunta na kidole juu ya mstari mmoja. "Hebu nisomee hapa, hawa ni akina nani?"

Mstari wenyewe huwa ni herufi kubwa zilizobanana, namba ya simu inayoanza na 8, na mwishoni US au GB. Tukichimba, mara nyingi tunakuta vidonge vya kupunguza tumbo, mafuta ya kuondoa madoa, vidonge vya nguvu za kiume, poda ya kolajeni, au programu ya mazoezi iliyopakuliwa Januari ikasahaulika Februari. Mwenye kadi hakumbuki kununua. Au anakumbuka, ila anakumbuka alilipa mara moja, tena hela ndogo.

Ninavyofuatilia ndivyo nitakavyoeleza, dalili kwa dalili. Ila kuna kosa moja la mwanzo linaloharibu mengine yote: kwenda benki ukisema "nimeibiwa" kabla hujajua kama umeibiwa au umeandikishwa kwenye malipo ya kujirudia bila kutambua. Kwa benki hayo ni malalamiko mawili tofauti, na ukijaza lisilo lako unashindwa hata kama haki ilikuwa upande wako. Nitalirudia huko mbele.

Jina liache kwanza

Watu wote huanza na jina, na hapo ndipo wanapopotea. Mfumo wa kadi unampa muuzaji nafasi finyu ya kuandika jina lake, herufi 22 hivi, kwa hiyo majina hukatwa katikati. Tena linaloandikwa ni jina la kampuni inayopokea fedha, wala si lile lililo kwenye kopo. Ukiona nyota, kilichoko kabla yake ni wakala wa malipo, kwa mfano PAYPAL au GOOGLE, na muuzaji mwenyewe yuko baada ya nyota. Pale ambapo duka la kawaida lingeandika mji, wauzaji wa mtandaoni huweka namba ya simu au anwani ya tovuti. Herufi mbili za mwisho ni nchi ilikosajiliwa biashara, na nchi hiyo inaweza isihusiane kabisa na mahali mzigo unakotoka.

Basi shika kalamu. Chapa taarifa ya miezi 3, zungushia kila muamala wa nje, kisha uhesabu siku kati ya mmoja na mwingine. Siku 14 au 15 kisha 30, 30, 30: huo ni usajili unaojirudia, hata kama majina hayafanani. Mwaka mzima kamili: programu ya simu au uanachama. Bila mpangilio wowote, vimiamala vidogo vidogo ndani ya saa moja: hapo ndipo uanze kuogopa.

Baada ya hapo ingia kwenye barua pepe, siku 3 kabla na 3 baada ya muamala wa kwanza. Tafuta kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo walivyokuandikia: order, trial, invoice, subscription. Fungua na folda ya taka. Angalia pia ile barua pepe ya zamani uliyofunguliwa na fundi simu siku ulipoinunua simu; wengi wana barua pepe mbili na wanaijua moja. Ukikosa kote, tafuta mtandaoni yale maandishi ya benki yalivyo, ila namba ya "huduma kwa wateja" utakayokutana nayo huko usiipigie haraka. Wapo waliojiweka hapo makusudi kuwasubiri waliochanganyikiwa. Anayekuomba namba za kadi au OTP (ile namba ya siri ya mara moja inayotumwa na benki) ili "akurudishie" hela, kata simu.

Imekatwa dola 1, au haifiki 5

Dola 1 peke yake mara nyingi ni muuzaji anapima kama kadi inafanya kazi. Fedha inazuiwa tu, haijachukuliwa, na kwa kawaida huachiwa baada ya siku chache. Ukiona mstari umeandikwa kwamba muamala unasubiri, subiri nao. Usipoachiwa ndani ya wiki mbili, uliza benki.

Dola 4.95 ni habari nyingine. Hiyo ndiyo "gharama ya usafirishaji" ya kopo la bure. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola ni shilingi 12,375, hela ya kula mchana watu wawili, hakuna anayeihangaikia. Na kwa jamaa zetu wa utalii, wenye akaunti ya dola ya kuwekea tipu za wageni, haibadilishwi hata kuwa shilingi, inapita kimya. Hiyo 4.95 umeilipa mwenyewe, kwa hiari. Kilichofichwa ni kile kilichokuja nayo.

Wiki mbili baadaye imekatwa kubwa

Dalili hii ndiyo inayoleta watu wengi zaidi dukani kwangu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mwaka jana alikuja mwalimu mstaafu wa Njiro. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba baba. Hebu niangalizie, hawa watu wamekula pensheni yangu." Dola 89.95, karibu shilingi 225,000, na nyongeza ya benki juu yake. Aliapa hajawahi kununua kitu cha bei hiyo maisha yake yote. Tukarudi nyuma siku 14 kwenye taarifa ileile: dola 4.95. Akanyamaza, kisha akasema, "Aah. Vidonge vya magoti."

Tangazo aliliona kwenye simu: daktari wa koti jeupe, kopo, na maneno kwamba ni bure, changia usafiri tu. Chini ya kitufe, kwa maandishi ya kijivu yasiyosomeka bila miwani, iliandikwa kwamba ukiagiza unapewa siku 14 za kujaribu, usipoghairi unakatwa bei kamili ya kopo, kisha kopo jipya linatumwa na kulipiwa kila siku 30.

Sasa angalia hesabu inavyotuumiza sisi. Siku 14 huanza kuhesabiwa siku unayoagiza, wala hazisubiri kopo likufikie. Aliyeko Marekani analipata siku ya nne au ya tano, anabaki na siku 9 au 10 za kuamua. Mzigo wa kuja Arusha kwa posta ya kawaida unaweza kutumia wiki tatu au nne. Kwa hiyo Mwalimu "alilijaribu" na "kuridhika nalo" likiwa bado halijafika nchini. Na siku ya mwisho inahesabiwa kwa saa za huko. Dar na Arusha tumetangulia saa 7 au 8 mbele ya New York, kwa hiyo tarehe kwenye taarifa inaweza kupishana na ya kwao kwa siku moja.

"Mbona hawakuniomba OTP?" Swali zuri, na kila mtu huliuliza. OTP, pale inapotumika, huombwa siku ya kwanza unapoweka kadi mwenyewe. Makato yanayofuata yanaingia benki yakiwa na alama ya malipo ya kujirudia, yaani "mteja aliniruhusu tangu mwanzo", na hayo hayaombi kitu. Wauzaji wengi wa Marekani hawatumii OTP hata siku hiyo ya kwanza.

Mitandao ya kadi yenyewe imeuona mchezo huu. Mwaka 2019 Mastercard iliweka kanuni kwa majaribio ya bure ya bidhaa za kushikika, zikiwemo za ngozi na za afya: jaribio likiisha, muuzaji apate kibali cha mteja kabla ya kuanza kumkata. Visa ilifuata mwaka 2020 na masharti yake, likiwemo la kumkumbusha mteja kabla jaribio halijageuka malipo. Kwa hiyo kama hukupata ujumbe wowote kabla ya zile dola 89.95, liandike hilo kwenye malalamiko yako. Lina uzito kuliko machozi.

Cha kufanya kwa Mwalimu kilikuwa hiki, siku hiyohiyo. Tuliandika barua pepe kwa Kiingereza chepesi: jina lake, barua pepe aliyoagizia, tarehe, namba nne za mwisho za kadi (nne tu, msitume kadi nzima), kwamba anafuta usajili leo, haruhusu makato mengine, na anataka fedha ya kopo ambalo halijafika. Tukapiga picha ya skrini ya kila kitu. Wakajibu haraka, wakampa "punguzo la asilimia 50 akibaki". Mtego wa pili huo. Ukilikubali punguzo umekubali usajili, na safari hii kuna maandishi yako.

Majina matatu, siku moja

Umeagiza kitu kimoja, umekatwa na watu watatu. Hapa sababu ni mbili.

Ya kwanza ni kile kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya vema kabla hujafika kwenye ukurasa: "niongezee na cha kusafisha tumbo", "niingize kwenye klabu ya lishe". Kila kimoja ni usajili wake, na tarehe zake, na kila kimoja kinafutwa peke yake. Ukifuta cha vidonge, klabu inaendelea.

Ya pili ni makusudi ya muuzaji. Biashara inayolalamikiwa sana hufungiwa na mitandao ya kadi, kwa hiyo wengine hugawanya mauzo kwenye kampuni nyingi ili malalamiko yasirundikane mahali pamoja. Novemba 2017 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana kwa makubaliano na kundi la San Diego lililouza zaidi ya bidhaa 40 za kupunguza uzito, kujenga misuli na kuondoa makunyanzi, kupitia kampuni 19. Muuzaji mmoja, majina 19! Ndiyo maana nasema jina liache kwanza.

Nimeshaghairi, bado wanakata

Uliza kwanza: ulighairi nini? Kijana mmoja mpagazi wa Moshi alinitumia picha za makato ya programu ya mazoezi, miezi minne mfululizo. "Kaka, niliifuta kabisa." Aliifuta kwenye simu. Kuondoa programu kwenye simu hakufuti usajili. Unaingia kwenye Play Store au mipangilio ya akaunti ya Apple, sehemu ya usajili, unaghairi pale. Kwa Apple ufanye hivyo angalau saa 24 kabla ya tarehe ya kulipa, vinginevyo mwezi huo umeshaliwa.

Kama ulighairi sawasawa, angalia tarehe. Muamala unaweza kuwa ulianza kabla ya barua yako, ukaonekana kwenye taarifa siku mbili tatu baadaye. Kama tarehe nazo ziko upande wako, una kesi safi kuliko zote: "malipo ya kujirudia yaliyoghairiwa". Peleka uthibitisho wa kughairi.

Na wapo waliobadilisha kadi wakaona mambo yamekwisha, kisha makato yakarudi kwenye kadi mpya. Si uchawi. Visa na Mastercard zina huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya za kadi pale benki husika inaposhiriki, ili umeme na intaneti za watu zisikatike kadi inapoisha muda. Muuzaji wa vidonge naye anafaidika humo. Kwa hiyo ukienda tawini usiseme tu "nipeni kadi nyingine". Sema: fungeni hii, na namba mpya isipelekwe kwa muuzaji huyu. Waambie jina lilivyoandikwa kwenye taarifa, herufi kwa herufi.

Meseji za "salio halitoshi" usiku wa manane

Wengine huamua kuikausha akaunti. Wanahamishia hela M-Pesa, kwenye kadi wanaacha shilingi elfu mbili, wanalala. Muuzaji anajaribu, anashindwa, anajaribu tena kesho, keshokutwa, wengine kwa kiasi kidogo zaidi. Saa 8 usiku simu inalia, mke anauliza nani anakutumia meseji saa hizi. Halafu mshahara unaingia tarehe 24, na kabla hujaamka wamekutangulia. Akaunti kavu haifuti usajili. Programu nyingi za benki zina sehemu ya kuzima manunuzi ya mtandaoni kwenye kadi. Zima hapo huku unaandika ile barua pepe ya kughairi.

Kwa ununuzi unaokuja, kadi ya mtandaoni unayoijazia kiasi kile tu unachotaka kutumia inasaidia, mradi usiiache na salio.

Bei na makato havilingani

Hili ni jepesi. Bei ilikuwa dola, akaunti yako shilingi: kuna kiwango cha benki siku ya kukamilisha muamala, ambacho si kile cha siku uliyopata meseji, na kuna ada ya muamala wa nje. Tofauti ya asilimia chache ni hiyo. Tofauti ya maradufu ni kopo la pili.

Hakuna barua pepe, hakuna kopo, hakuna kitu

Kabla ya kutaja wizi, uliza nyumbani bila ukali. Kadi iliyohifadhiwa kwenye simu hutumiwa na mtoto, na mdogo wako aliyeazima simu yako "nitazame kitu kidogo". Binti wa saluni aliwahi kufuatilia makato mwezi mzima, kumbe ni dada yake wa Ngarenaro aliyeagiza mafuta ya uso kwa simu hiyo akanyamaza kwa aibu.

Nyumba ikiwa safi, na miamala haina mpangilio, midogo midogo ya kupima kisha mmoja mkubwa, basi namba za kadi yako zimevuja. Hapo usiandikiane na muuzaji. Funga kadi dakika hiyohiyo kwenye programu ya benki au kwa namba iliyoko nyuma ya kadi, kisha nenda tawini.

Kwenye fomu ya kupinga muamala

Sasa lile la mwanzo. Fomu itakutaka uchague sababu. "Sikuidhinisha muamala huu" maana yake kadi imetumiwa na mtu usiyemjua. Mwalimu angeichagua hiyo, benki ya muuzaji ingeleta jina lake kamili, S.L.P. yake, namba yake ya simu na saa aliyobonyeza kitufe. Kesi imekwisha, na ameonekana mwongo. Wakati ukweli wake ulikuwa na nguvu: aliidhinisha dola 4.95, hakuelezwa waziwazi kuhusu 89.95, bidhaa haikufika, na ameghairi kwa maandishi. Ukweli huo una sehemu yake kwenye fomu. Uchague huo.

Kwa malalamiko mengi Visa na Mastercard hutoa siku 120, na kila kato lina siku zake. Usizitumie zote, benki yako inahitaji muda wa kuandaa faili, na msimamizi wa kadi yuko makao makuu, si kaunta ya Arusha. Nenda wiki hiyohiyo, pinga kila kato kwa mstari wake, uondoke na nakala yenye mhuri na tarehe. Benki ikikaa kimya au ikikujibu visivyoeleweka, ngazi inayofuata ni Benki Kuu, yenye kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na ina tawi hapa Arusha. Lakini hawatakusikiliza kama hukuanzia benki yako, ndiyo maana ya ule mhuri.

Mwalimu alirudishiwa zile 89.95 baada ya wiki saba hivi. Ile 4.95 hatukuidai.

Kopo lilifika Posta wiki ya nne, akaja nalo dukani. "Sasa baba, kwa kuwa limeshafika, nivimeze tu?" Mimi si mfamasia, nikamsindikiza kwa mfamasia. Huyo alimuuliza kwanza kuhusu presha na vidonda vya tumbo, na alikuwa na sababu: mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya juu ya vidonge vya viungo viitwavyo Artri King, baada ya vipimo kukuta ndani yake diclofenac na dexamethasone, dawa zinazoweza kupandisha presha na kuumiza tumbo, ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Vya Mwalimu vilikuwa vya jina jingine kabisa, ila lebo yake haikuwa na usajili wowote wa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, wala anwani ya kiwanda, ila S.L.P. tu. Mwalimu alikigeuza kile kikopo, akakisoma kwa miwani safari hii, akakiacha pale kaunta ya famasi.